Baina ya Kukodiwa na Kumilikiwa

Katika mazungumzo yetu ya barazani kuna neno tunalolitumia kwa wepesi mkubwa, nalo ni mamluki. Timu ya mtaa inapomleta kijana kutoka mbali aje kuichezea fainali moja tu, timu iliyofungwa huondoka uwanjani ikinung'unika kwamba imefungwa na mamluki. Neno lenyewe ni kongwe na asili yake ni Kiarabu. Kwanza lilikuwa na maana ya mtu aliyemilikiwa. Baadaye likaja kumkusudia askari wa kukodiwa, yule apiganaye vita visivyo vyake kwa ajili ya ujira. Maana zote mbili, ya kumilikiwa na ya kukodiwa, zimelala ndani ya neno hilo moja, na sidhani kwamba zimekutana humo kwa bahati tu.

Swali ninalotaka kuliuliza ni hili: mtu aliyekodiwa huanza wakati gani kuwa mtu aliyemilikiwa? Lingeweza kuulizwa juu ya baharia, mtumishi wa nyumbani au mwalimu wa mkataba. Nimechagua kuliuliza juu ya mchezaji mpira wa kawaida, yule anayekula jasho lake katika ligi za chini za nchi za watu. Mchezaji hodari hawezi kutufundisha kitu katika jambo hili. Mwenye kipaji kikubwa hupishwa njiani kwa sababu ya kipaji chake, nasi hatuwezi kujua kama ameheshimiwa yeye au kimeheshimiwa kile alichonacho. Asiye na cha ajabu mkononi ndiye anayetuonesha kama uhuru ni haki ya mtu au ni tunzo ya mwenye bahati. Tena ni mtu wa namna hiyo, wala si hodari, aliyelifikisha swali lenyewe mbele ya majaji, na jibu walilolitoa likaugeuza mchezo mzima.

Mchezaji huyu msomaji anamjua, ijapokuwa hajui jina lake. Ana miaka ishirini na minane au thelathini. Ameshavaa jezi sita au saba, na katika kila mji aliopita amekaa msimu mmoja, pengine miwili, katika nyumba ya kupanga yenye samani za mwenye nyumba. Mkataba wake ni wa miezi kumi, na kila msimu unapokaribia kwisha huanza kupiga simu. Gazeti la mji humtaja kwa jina la ukoo tu, na mara nyengine hulikosea. Hachezi vibaya, lau angecheza vibaya asingelipwa. Lakini hachezi vizuri kiasi cha kuwafanya watu wa mji wa pili wamjue. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, wakikusudia kwamba kazi, hata iwe duni, ni bora kuliko mchezo, hata uwe mzuri. Sijui wangesema nini juu ya mtu ambaye mchezo ndio kazi yake, na kazi yenyewe ikawa mbaya.

Jean-Marc Bosman alizaliwa Ubelgiji tarehe 30 Oktoba 1964. Alikuwa kiungo. Katika ujana wake alichezea timu za vijana za taifa, akaanza kazi katika klabu ya Standard Liège, na mwaka 1988 akahamia kwa majirani zao wa mji huo huo, RFC Liège. Hii ni klabu yenye historia: ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza wa Ubelgiji, mwaka 1896, na mwaka 1990 ilitwaa Kombe la nchi hiyo. Bosman hakuwa nyota wake. Mkataba wake ulikuwa unamalizika tarehe 30 Juni 1990, na kwa wastani, pamoja na marupurupu, alikuwa akipata faranga 120,000 za Ubelgiji kwa mwezi, yaani kiasi cha euro 3,000 kwa kiwango kilichotumika faranga hizo zilipoondolewa.

Mwezi wa Aprili 1990 klabu ikampa mkataba mpya wa msimu mmoja kwa faranga 30,000 kwa mwezi, kiwango cha chini kabisa kilichoruhusiwa na chama cha soka cha nchi hiyo. Akakataa. Ndipo akawekwa katika orodha ya wachezaji wa kuuzwa, na ada ya uhamisho wake, kwa hesabu za kanuni za chama, ikawa faranga 11,743,000. Namuomba msomaji azitazame hesabu hizi mbili kwa pamoja. Alipohesabiwa kama mfanyakazi, thamani yake ilishuka ikawa robo. Alipohesabiwa kama mali, bei yake ilipanda ikawa zaidi ya mishahara yake ya zamani ya miaka minane. Aliyepiga hesabu hizo hakuona ajabu yoyote ndani yake, kwani ndivyo desturi ilivyokuwa.

Kwa bei ile hakuna aliyemtaka. Bosman akajitafutia mwenyewe, akapata nafasi katika US Dunkerque ya daraja la pili Ufaransa, katika mji wa bandari usio mbali na mpaka wa Ubelgiji. Huko wangemlipa kiasi cha faranga 100,000 kwa mwezi na kitita cha kama 900,000 cha kutia saini. Ulikuwa ni ujira mzuri wa fundi, utajiri haukuwa. Vilabu viwili vikakubaliana Dunkerque imchukue kwa mwaka mmoja kwa faranga 1,200,000, ikiwa na hiari ya kumnunua kabisa baadaye. Ikabaki karatasi moja tu. Chama cha Ubelgiji kilitakiwa kipeleke kibali cha uhamisho Ufaransa kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, tarehe 2 Agosti, na chama kisingekipeleka mpaka klabu ikiombe. RFC Liège ikaingiwa na shaka kama Dunkerque itaweza kulipa, nayo haikuomba. Tarehe 31 Julai ikamsimamisha Bosman, na kwa hivyo hata nyumbani hakuweza kucheza.

Hapo ndipo penye moyo wa jambo. Mkataba ulikuwa umekwisha mwezi mzima nyuma. Ndani ya mkataba ule hapakubaki mshahara wa kulipwa wala mazoezi ya kuhudhuria. Kukodiwa kulikoma tarehe 30 Juni saa sita za usiku; kilichoendelea baada ya saa hiyo, mimi sikipatii jina jengine ila kumilikiwa. Na kumilikiwa huku hakukuwa na pingu wala mlinzi mlangoni. Kulikuwa na karani ambaye hakuandika barua. Dhuluma nyingi za zama zetu zina sura hiyo. Hapana mtu anayekukamata. Ila karatasi yako haijatiwa saini, na mwenye kuitia saini hana haraka.

Tarehe 8 Agosti 1990 Bosman alikwenda mahakamani mjini Liège. Kesi yake ilichukua zaidi ya miaka mitano, na miaka mitano kwa mchezaji mpira ni nusu ya umri wake wa kazi. Mahakama za Ubelgiji zilimruhusu kwa muda acheze bila ya kutozwa ada. Mwezi wa Oktoba akapata Saint-Quentin, ya daraja la pili Ufaransa. Msimu ulipokwisha mkataba ukakatishwa. Februari 1992 akatia saini na klabu ya Saint-Denis, katika kisiwa cha Réunion. Huko nako mkataba ukakatishwa. Akarudi, akahangaika Ubelgiji na Ufaransa, akaishia Olympic de Charleroi ya daraja la tatu. Katika hukumu iliyokuja kutolewa imeandikwa kwamba, kwa maoni ya mahakama ya Ubelgiji iliyoipeleka kesi mbele, kulikuwa na dalili nzito kuwa mtu huyu alisusiwa na vilabu vyote vya Ulaya ambavyo vingeweza kumchukua. Sheria ilimwambia yu huru. Simu yake haikupokewa.

Nisimame kidogo Réunion, kwani ni kisiwa cha bahari yetu. Kipo mashariki ya Madagaska, na kiserikali ni sehemu ya Ufaransa, hata mtu anaweza kutoka Paris, akavuka ikweta, akafika jirani na Mauritius bila ya kutoka katika nchi moja. Dola za bara zimezoea kuvitumia visiwa kama mahali pa kumweka mtu wasiyemtaka karibu. Abd el-Krim wa Rif alihamishiwa Réunion mwaka 1926, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Na Sayyid Khalid bin Barghash wetu alionja St. Helena na Ushelisheli. Bosman hakupelekwa na mtu, alikwenda mwenyewe. Hata hivyo, milango yote ya bara ikishafungwa, hayo maneno "alikwenda mwenyewe" hayana uzito mkubwa. Jambo linaloniudhi ni jengine. Wengi wanapoisimulia safari yake huitaja Réunion kama shimo alilotumbukia, kana kwamba kucheza mbele ya watu wa kisiwani ni adhabu tosha. Adhabu haikuwa kisiwa. Adhabu ilikuwa ni kule kutochagua.

Haifai lakini tuwadhulumu wenye vilabu. Wana hoja, na sisi wa Unguja na Pemba tunaijua pengine kuliko wao. Klabu ndogo humchukua mtoto wa miaka kumi, ikamfundisha, ikamnunulia viatu, ikamlisha baada ya mazoezi. Anapoiva, huja tajiri akamchuma. Kila mwaka vijana wetu bora huvuka mkondo kwenda Dar es Salaam, Simba, Yanga au Azam, na vilabu vilivyowalea hubaki vikitazama televisheni kama sisi sote. Ikiwa mlezi hapati kitu, nani atalea? Hoja hii ina haki ndani yake, na mtu anayeipuuza hajapata kuona bajeti ya klabu ya daraja la pili kisiwani.

Ila tuitazame kwa makini. Fundi wa majahazi humpokea kijana, akamfundisha kushika shoka na kutia kalfati. Kijana akishakuwa fundi na akaenda kujenga chombo chake bandari nyengine, ana deni kwa mwalimu wake, na watu wataliona deni hilo: atamwamkia kwa heshima, atamletea chochote siku ya sikukuu, hatampokonya wateja. Lakini hakuna fundi aliyepata kuwazuia watu wa bandari ya pili wasimpe kazi mwanafunzi wake mpaka wamlipe yeye. Deni la shukrani ni kitu kimoja, na rehani ya mwili wa mtu ni kitu chengine. Walichokifanya wenye vilabu ni kulichukua deni la kwanza, ambalo ni la kweli, wakalifanya hati ya rehani. Tena katika kisa hiki hata hoja ya malezi yenyewe haisimami vyema, kwani RFC Liège ilimchukua Bosman akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu.

Tarehe 15 Disemba 1995, katika Luxembourg, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa jibu lake. Ilikubali kwamba kuwatia moyo wanaowalea vijana ni jambo jema. Lakini ikasema kwamba ada zile ni za kubahatisha, hazina uhusiano na gharama za kweli za kumlea mchezaji, na kwamba lengo hilo hilo linaweza kufikiwa kwa njia zisizomzuia mtu kufanya kazi atakako. Kwa hivyo mchezaji aliye raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, mkataba wake ukisha, ni huru kwenda klabu ya nchi nyengine ya Umoja bila ya kulipiwa kitu. Majaji waliondoa vilevile kanuni zilizoweka idadi ya raia wa nchi hizo wanaoruhusiwa kucheza katika timu moja. Kwamba njia nyengine zilikuwepo kulithibitika baadaye: kanuni za FIFA za mwaka 2001 zilianzisha fidia ya malezi, na zikaamuru asilimia tano ya ada ya uhamisho igawiwe vilabu vilivyomlea mchezaji tangu umri wa miaka kumi na miwili mpaka ishirini na mitatu. Mlezi anaweza kupata chake bila ya kumfunga mtu.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakaliita jambo hili utumwa. Mwaka 2008 Sepp Blatter, aliyekuwa rais wa FIFA, alizungumza juu ya utumwa wa kisasa pale ilipojadiliwa kama Cristiano Ronaldo, wakati huo wa Manchester United, aruhusiwe kuondoka. Sisi tusilitumie neno hilo kwa wepesi. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Baina ya mtu aliyefika pale amefungwa na kijana anayelipwa maelfu ya pauni kwa wiki hapana mlinganisho, na kuwalinganisha ni kumtukana yule wa kwanza. Hata Bosman hakuwa mtumwa. Alikuwa na nyumba, wakili na mahakama ya kumsikiliza. Lakini mtu hahitaji kuwa mtumwa ndipo awe amedhulumiwa. Kumilikiwa kuna madaraja, na daraja la chini kabisa ni lile ambalo mwenye kumilikiwa haambiwi kwamba amemilikiwa. Huambiwa utaratibu bado haujakamilika.

Msomaji wa mwambao ana mfano wake karibu zaidi. Ni nani miongoni mwetu asiye na ndugu au jirani aliyekwenda kufanya kazi Ghuba? Neno kafili halihitaji kuelezwa hapa. Zahir Belounis, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alikwenda Qatar kucheza mpira, akaichezea Al-Jaish mpaka ikapanda ligi kuu, kisha akashushwa kwa mkopo daraja la pili. Alidai kwamba mishahara yake haikulipwa, akashitaki. Na chini ya sheria za wakati ule hakuweza kutoka nchini bila ya kibali cha mwajiri. Aliondoka mwishoni mwa Novemba 2013, baada ya miezi mingi ya kungojea na kelele za magazeti ya Ulaya. Qatar ilikiondoa kibali cha kutoka kwa wafanyakazi walio wengi mwaka 2018, na kwa karibu wote waliobaki mwaka 2020. Kilichomtoa Belounis kabla ya hapo ni kwamba alikuwa na pasi ya Ufaransa, na kwamba mpira ni kitu kinachosomwa. Mpishi au mjenzi aliyekuwa katika hali hiyo hiyo hakuandikwa gazetini. Hapa mchezaji wa daraja la pili anageuka kuwa mwenye bahati, na sisi tunakumbushwa kwamba kila mnyonge ana mnyonge wake.

Nani, basi, alifaidika na hukumu ya Luxembourg? Hodari, bila ya shaka. Ajax ya Amsterdam ilikuwa bingwa wa Ulaya mwezi wa Mei 1995, na wengi katika kikosi chake walikuwa vijana iliowalea yenyewe. Edgar Davids akaondoka bure mwaka 1996, Patrick Kluivert mwaka 1997, wote wawili kwenda Milan. Mwaka 2001 Sol Campbell alitoka Tottenham akaenda kwa mahasimu wao Arsenal bila ya ada hata pauni moja. Fedha iliyokuwa ikienda kwa klabu sasa ilikwenda kwa mchezaji na wakala wake, nazo zilikuwa fedha nyingi sana. Kwa mchezaji wetu wa mikataba ya miezi kumi mambo hayakuwa hivyo. Naye alifunguliwa, lakini aliyefunguliwa asiye na anayemngojea nje hukuta njia pana na usiku. Magazeti yetu ya michezo yana msemo, "mchezaji huru", na msomaji mzoefu anajua kwamba mara nyingi maana yake ni mchezaji asiye na kazi.

Kuna wanaosema kwamba hili linaithibitisha hasara: haki iliyopiganiwa na mnyonge ikaliwa na mwenye nguvu ni haki ya bure. Mimi siafiki. Anayenyimwa kibali na anayekosa kazi wote wawili wamekaa nyumbani, lakini hawakukaa namna moja. Wa kwanza kuna mtu aliyemweka. Wa pili dunia haimtaki, na dunia haina wajibu wa kumtaka mtu kwenye winga ya kushoto. Umasikini wa wa pili ni jambo la kumsaidia. Wa wa kwanza ni jambo la kumfungulia. Tukiyachanganya mawili haya tutaishia kusema kwamba mtu asiyeweza kuutumia uhuru wake vizuri ni afadhali asipewe, na hiyo ni kauli iliyowahi kusemwa juu yetu sisi.

Bado lakini pana deni. Hukumu ilipotolewa Bosman alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na miguu yake ilikuwa imeshapita wakati. Hakupata mkataba hata mmoja wa maana kutokana na uhuru alioupatia wengine. Amesimulia mwenyewe hadharani juu ya ulevi, huzuni na ufukara, na kwa miaka kadhaa amesaidiwa na umoja wa wachezaji wa kulipwa, FIFPro. Mahakama za nchi yake zimewahi kumtia hatiani kwa kosa la shambulio, nalo si jambo la kufunikwa kwa sababu ya kesi yake ya kwanza. Mchumia juani hulia kivulini, tumefundishwa hivyo skuli. Huyu alichumia juani, na kivulini wakala wengine.

Je, waliofaidika wanadaiwa? Kisheria, hapana. Wala hakuwafanyia wao. Alikuwa akijitafutia kazi Dunkerque. Wapo wanaolitumia hilo kumpunguzia heshima, wakisema hakuwa mpigania haki bali ni mtu aliyetaka mshahara wake. Naona wamelielewa jambo kinyume. Mtu anayejitolea kwa ajili ya wanadamu wote ana tumaini la kukumbukwa na wanadamu wote. Aliyetaka tu aachiwe aende kufanya kazi katika mji wa bandari wa daraja la pili, akaambiwa mara kwa mara na kila mwenye akili yake kwamba akubali yaishe, hakuwa na tumaini hilo la kumshikilia. Aling'ang'ania kitu kidogo ambacho kilikuwa chake. Kwangu mimi ubora wa kisa uko hapo: hakuomba kutukuzwa, na wala hakuhitaji kuwa mwema, hodari au mwenye shukrani ndipo haki yake iwe haki. Jean-Louis Dupont, wakili aliyekuwa kijana alipoibeba kesi ile, alikuwemo tena katika kesi ya Lassana Diarra, iliyoamuliwa na mahakama hiyo hiyo tarehe 4 Oktoba 2024, safari hii juu ya kanuni za FIFA zinazomhusu mchezaji anayevunja mkataba bila ya sababu ya halali. Mwanasheria alizeeka na kazi yake ikiendelea. Aliyeianzisha alikuwa ameshasahauliwa mara nyingi.

Turudi kwa mamluki na shutuma yake, kwamba hana uaminifu. Tumezoea kuupima uaminifu kwa urefu: fulani amekaa klabu moja miaka kumi na mitano, basi huyo ni mwaminifu. Lakini aliyekaa kwa sababu hana pa kwenda amefungwa tu, na aliyekaa kwa sababu analipwa zaidi amefanya hesabu nzuri. Uaminifu tuutafute kwengine. Mchezaji wa kukodiwa huja katika mji asioujua, Novemba, mvua inanyesha, watu mia tatu uwanjani, timu yake imeshafungwa mbili, na mkataba wake hautaongezwa. Naye anakimbia kurudi nyuma kuufuata mpira ambao hakuna atakayemlaumu akiuacha. Hana kumbukumbu na jezi ile. Babake hakuishangilia. Anachokitimiza pale ni neno lake tu, na neno lililotimizwa bila ya mapenzi kulisaidia naliona lina uzito kuliko la mzaliwa anayebebwa na nyimbo za mtaani kwao.

Mwaka 2009 wachezaji wawili wa Tanzania walikwenda Vancouver, Kanada, katika klabu ya Whitecaps, wakati ilipokuwa bado haimo katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini. Mmoja alikuwa Nadir Haroub, beki wetu wa Zanzibar ambaye washabiki walimpa jina la Cannavaro. Wa pili Nizar Khalfan. Nadir alirudi mapema, akawa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars kwa miaka. Nizar alibaki, na klabu ilipoingia ligi kuu mwaka 2011 alikuwemo. Barazani ungeulizwa nani kati yao aliyefaulu, na kila upande ungekuwa na mashahidi wake. Swali hilo lina raha yake, lakini linapita juu juu ya jambo ambalo kwa Bosman halikuwepo: kwamba aliyerudi alirudi na aliyebaki alibaki.

Nimalizie na klabu yenyewe, kwani huulizwa mara chache. RFC Liège ilikuwa na kiwanja chake Rocourt. Mwaka 1994 kiwanja kikafungwa, kikabomolewa, na mahali pake pakajengwa jengo kubwa la sinema. Mwaka 1995, ule ule wa hukumu, klabu ikashuka kutoka ligi kuu, ikaungana na klabu jirani ya Tilleur ili isife. Tangu hapo ikawa inahamahama katika ligi za chini, ikicheza mechi zake za nyumbani katika viwanja vya watu, msimu huku na msimu kule, mpaka mwaka 2015 ilipopata tena kiwanja Rocourt.